Mavyaa Aenda Kuvua

Mavyaa alikubali safari kwa masharti matatu: hapandi ndege, maziwa yake atayabeba mwenyewe, na asitokee mtu wa kumlisha samaki. Mume wangu aliyakubali yote palepale, kabla mamake hajageuza kauli, akatoka uani kupiga simu Nairobi kuulizia tiketi za treni.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye macho. Mavyaa alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na alipoanza tena kutofautisha mbuzi wake na wa jirani bila kutoka mlangoni, mwanawe akamuuliza sasa anatamani kuona nini. Tulidhani atataja Makka. Akasema Makka anamwachia Mungu, lakini maji yasiyokauka hata mwanawe anaweza kumwonyesha.

Anayeijua Diff haulizi kwa nini. Tuko Wajir Kusini, na mpaka wa Somalia ni jirani yetu. Mto wa kudumu hatuna. Tuna visima na silanga, na silanga hujaa mvua ikinyesha, kisha watu na mifugo hunywa humo mpaka yakabaki matope, na matope yakapasuka nyufa. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu 5 mfululizo. Mavyaa alikuwa na ng'ombe. Wale wa mwisho hawakuweza tena kusimama wenyewe. Kila alfajiri majirani walipita boma hadi boma kuwainua, wawili wakishika pembe, wawili wakishika mkia, na ng'ombe akisimama anaegemezwa ubavuni mpaka miguu yake ikubali. Mavyaa, pamoja na macho yake mabovu, alikuwa akishika mkia. Mvua iliporudi mwaka 2023, bomani mwake mlikuwa na mbuzi peke yao.

Kwa hiyo ikawa Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800. Sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu, lakini hata hiyo ni zaidi ya kilomita za mraba 4,000, na mume wangu aliona zinatosha kumridhisha mamake. Alikuwa amesikia kwamba Dunga, pembeni mwa Kisumu, kuna vijana wanaowatoa wageni kwa boti, wakawafundisha kutega mshipi na kuwarudisha salama. Yeye mwenyewe kuogelea hajui. Mimi najua, maana mimi ni mtu wa Lamu. Nilikuja Diff kufundisha, nikaolewa hukohuko.

Tulipanga watu wanne: mavyaa, mume wangu, mimi na kijana wetu wa miaka 7. Siku mbili kabla ya kuondoka akajitokeza wa tano. Ni kaka yake mavyaa, ambaye nyumba nzima tunamwita Abti kwa kuwa ni mjomba wa mume wangu. Abti aliishi Kismayu ujanani, na kwa haki hiyo akatangaza kwamba hakuna safari ya uvuvi itakayotoka Diff bila yeye. Alikuja na begi, kikoi kipya, na kisu kilichofungwa kwa kitambaa. Nilipouliza kisu ni cha nini, aliniambia nitakiona kazi yake.

Tuliondoka Idi ilipopita, shule zikiwa zimefungwa. Gari lilitufikisha Wajir, na basi la usiku likatupitisha Habaswein, Modogashe mpaka Garissa. Kwenye kizuizi cha daraja la Tana abiria hushuka wote na vitambulisho mkononi. Mavyaa akasimama kwenye foleni na mkebe wa nyirinyiri. Kitambulisho chake kilikuwa humo ndani, chini kabisa, kimezungushwa karatasi ya nailoni, maana kwa hesabu yake mwizi akiiba begi ataiba nguo, lakini mkebe wa nyama hautaachwa bila ulinzi hata dakika moja. Nikauinamisha mkebe chini ya taa. Zile nyama zilizokatwa vipande vidogo, zikakaushwa na kukaangwa, zilikuwa zimeganda kwenye samli. Nikaingiza mkono hadi kwenye kifundo, abiria wakitazama, nikatoa kitambulisho kinachometameta mafuta. Afisa alikishika kwa ncha za vidole, akakielekeza kwenye mwanga, akamwangalia mavyaa, akamrudishia na kumwita mama. Kisha akauliza kilicho mkebeni kinauzwa wapi. Mavyaa akamjazia kiganja. Basi lilichelewa kwa ajili hiyo, na dereva naye akapewa chake.

Nairobi tulipumzika kwa jamaa wa Eastleigh, na Ijumaa jioni tukawa stesheni. Reli hii ya zamani ya kwenda Kisumu ilikuwa imelala miaka mingi. Ilikarabatiwa, na abiria wakaanza kuipanda tena Desemba 2021. Mavyaa hakuingia behewani mara moja. Alitembea kutoka behewa la mwisho mpaka kwenye injini, akapiga chuma kwa kiganja kama anavyompiga ngamia ubavuni kabla ya kumnunua, akauliza anayeliendesha atalala saa ngapi. Alipoambiwa halali, akarudi kuketi karibu na dirisha na mtungi wake wa maziwa miguuni.

Mtungi huo nauzungumzia kwa sababu ndio ulioharibu usiku. Ulikuwa wa plastiki, wa manjano, umejaa susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachushwa. Alikuwa ameufukiza moshi ndani, akaukaza kifuniko kwa kitambaa ili usimwagike ndani ya basi. Susa iliyofungwa inaendelea kuchacha, na ikichacha hutoa hewa. Mchana kutwa Eastleigh mtungi ulikuwa umevimba kidogo. Mume wangu alitaka kuufungua hewa itoke, mamake akamkataza kwa kuwa vumbi la Nairobi lingeingia.

Treni ikaondoka. Tulipita Kikuyu, tukashuka Bonde la Ufa gizani, tukapita Naivasha na Nakuru. Kijana wetu alilala. Nikamsimulia mavyaa habari za reli hii nijuavyo mimi: ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikagusa ziwa Desemba 1901, na aliyeipigilia msumari wa mwisho pale ziwani alikuwa mwanamke, Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesafiri na mumewe reli ikisonga mbele. Mji ukaitwa Port Florence kwa jina lake kabla haujajulikana kwa jina la Kisumu. Mavyaa alisikiliza hadi mwisho, akauliza huyo mwanamke alipikia wapi miaka yote hiyo, na watoto alimwachia nani. Hayo sikuwa nayo. Hakuna msimulizi wa reli hii niliyemsikia akieleza jiko la Bi Florence, na mavyaa aliona kwamba habari imekatwa katikati.

Kisha akauliza mbona reli haikuja kwetu. Nikamweleza kwamba kwa reli hii wakoloni walitaka njia ya kwenda Uganda, si njia ya kwenda Wajir. Nikamwambia pia kwamba Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walikutana kwetu Lamu kuzindua bandari, barabara na reli, na kwamba reli hiyo imechorwa itoke Lamu, ipite Garissa, ifike Isiolo na kusonga mbele. Bandari imejengwa, gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Reli haijawekwa hata kipande. Garissa, Wajir na Mandera bado hazina stesheni hata moja, na bibi wa Diff anayetaka kuonja treni analazimika kwanza kulala kwenye basi. Jambo hili linaniuma, nimelisema shuleni na nitalisema popote. Watoto wa darasa langu wanaichora treni kwa kuiga picha ya kitabuni, na kila mwaka wanasahau kuichorea reli.

Kutoka Nakuru reli hupanda. Hupanda hadi Mau Summit, yapata mita 2,500 juu ya bahari, na baridi ya huko watu wa Diff hatuna nguo zake. Abti alikuwa amejifunika mablanketi mawili yaliyokuwa ya watu wengine. Huko juu hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya Diff, na ile iliyobanwa ndani ya mtungi hupata nguvu ya kutoka. Kifuniko kikaruka. Kilipiga dari, na susa ikafuata: juu ya Abti, juu ya mablanketi, chini ya viti, hadi kwenye magunia ya mama mmoja aliyeketi ng'ambo ya njia. Behewa zima likaamka na harufu ya moshi na maziwa chachu. Mume wangu alisimama akiomba radhi upande huu na upande huu. Abti, nyeupe ikimtiririka ndevuni, alikuwa akiuliza kwa sauti nani amempiga.

Yule mama mwenye magunia hakusema kitu kwanza. Alichovya kidole kwenye susa iliyokuwa ikishuka juu ya gunia lake, akaonja. Akaonja tena. Akauliza: "Hii ni mursik ya nani?"

Alikuwa mtu wa Kipkelion, na kwao maziwa huchachushwa kwenye kibuyu kilichopakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet. Nikawa mkalimani. Mavyaa alitaka kujua mkaa unasagwa au unapondwa, kibuyu kinakaa siku ngapi, na je, ng'ombe wa huko juu baridi haiwakaushi maziwa. Mama naye alitaka kujua ngamia anakamwaje na mtu husimama kwa mguu gani. Mavyaa akanyanyuka, behewa likiyumba, akasimama kwa mguu wa kulia, akaukunja wa kushoto na kuegemeza wayo wake gotini, akaonyesha chombo kinavyokaa juu ya paja, na mikono yote miwili ikakama hewa. Watu wa viti vya nyuma walisimama kumtazama. Susa iliyobaki mtungini ilitosha vikombe vichache, ikanywewa yote kabla ya Londiani. Kipkelion, yule mama aliposhuka, alimwachia mavyaa shali yake ya sufi, maana alimwona anatetemeka, akakataa katakata kurudishiwa.

Kulipopambazuka tulikuwa tukishuka katikati ya mashamba ya miwa ya Muhoroni na Miwani. Kibos tukaona maji kwa mbali. Mavyaa aliyatazama bila kusema mpaka treni iliposimama.

Dunga ilitupokea na harufu ya moshi wa samaki. Mavyaa aliziba pua kwa ncha ya shali ya sufi. Kijana wa boti alimwita Nyanya, akamvisha jaketi la kujiokoa na kumfunga kamba zake kwa adabu, akamweleza atakaa wapi. Kwa Abti adabu hiyo haikufua dafu. Abti alikataa jaketi akisema Kismayu hawakuvaa, akavaa dada yake alipomwamuru.

Tukatoka kando ya mafunjo, marefu kuliko mtu, ndege wakipiga kelele ndani yake. Maji ya Ghuba ya Winam, sehemu hiyo ya ziwa, si buluu. Ni ya rangi ya udongo, na hilo mavyaa alilipenda. Aliniambia maji mazuri ni yale yenye rangi ya ardhi iliyoyazaa. Kijana alizima injini, akatugawia mishipi ya mkono, akatia vijisamaki kwenye ndoano. Akatuambia tulikuwa tukimtafuta mbuta, ambaye ng'ambo ya Tanzania huitwa sangara, na kwamba samaki huyu si mwenyeji. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawala fulu waliokuwa wamejaa humu mpaka aina nyingi zikatoweka. Leo ndiye anayelisha viwanda vya minofu, na wavuvi wanaishi kwake. Akasema pia kwamba omena hawavuliwi wakati huo, maana kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wao hufungwa wapate kuzaana.

Mavyaa akamkatiza. "Nani anawafungia?"

"Serikali, Nyanya, na sisi wenyewe wa ufukweni tuna kamati."

"Na anayeingia kuvua?"

"Nyavu zinachukuliwa."

Hapo alimgeukia mwanawe, akaongea Kisomali haraka, na ndiyo mara ya kwanza niliyomwona akiwa na hasira safari nzima. Alisema hata wao walikuwa na malisho ya akiba yasiyoguswa hadi kiangazi, na wazee waliyalinda, na aliyeingiza mifugo alilipa. Yalivunjwa watu walipoacha kuwasikiliza wazee. Ukame ulipokuja, akiba ilikuwa imekwisha kuliwa. Mume wangu hakumjibu. Kijana wa boti aliuliza Nyanya amesema nini, nikamfasiria neno kwa neno.

Abti alitupa mshipi wake kwa kuuzungusha juu ya kichwa. Ndoano ilipita nyuma yake, ikanasa pindo la kikoi. Akahisi uzito. Akapaza sauti kwamba amempata, akavuta kwa nguvu zake zote, na kikoi kipya kikapasuka kutoka chini hadi kiunoni. Namshukuru Mungu alikuwa na suruali ya ndani ndefu. Kijana wetu alicheka mpaka akakaa kwenye sakafu ya boti, na ndoano ilichukua muda mrefu kutolewa kwa kuwa Abti hakukubali kitambaa kikatwe.

Mshipi wa mavyaa ukatikisika katika purukushani hiyo. Alikuwa ameuzungusha kwenye kidole, hakupiga kelele, aliuvuta taratibu mkono juu ya mkono, vilevile anavyovuta ndoo kisimani. Akatoka mbuta wa rangi ya fedha, macho yake yakiwaka dhahabu. Kijana akamlaza kwenye ubao uliochorwa alama. Alikuwa na sentimita 40 na kidogo. Akaeleza kwamba anayeruhusiwa ni kuanzia 50 hadi 85. Chini ya hapo hajazaa, juu ya hapo ndiye mzazi mkubwa.

Mume wangu alianza kumbembeleza kijana, mama ametoka mbali, ni mmoja tu. Mavyaa alimnyamazisha. Akamchukua samaki kwa mikono miwili, akamtia majini mwenyewe. "Mtamba hachinjwi," akasema. Sikuona haja ya kumfasiria kijana hilo.

Wa pili alikuwa na sentimita 58, na ni wa mavyaa vilevile. Hapo Abti akafungua kitambaa na kutoa kisu. Kazi yake sasa tuliiona: alitaka kumchinja samaki akimwelekeza kibla, na akawa anamuuliza kijana kibla kiko wapi. Nikamwambia Abti kwamba mfu wa majini ni halali bila kuchinjwa, kama nzige. Alinitazama kwa mashaka, maana neno limetoka kwa mwanamke wa pwani anayetetea chakula chake. Mavyaa akasema nzige aliwaona wa kutosha mwaka 2020 walipofunika Wajir yote, na kama Mungu amewaweka fungu moja na samaki, basi kisu kirudi mfukoni.

Kijana alitaka turudi kabla ya saa saba. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, alieleza, na mchana hugeuka ukasukuma gugumaji ufukweni. Abti alisihi tungoje, hajapata wake. Kijana akatupa nusu saa, na nusu saa ilitosha. Upepo uligeuka, na gugumaji, ule mmea unaolisumbua ziwa tangu miaka ya 1990, ukaja mzima mzima kama kisiwa kinachotembea. Ukafunga njia ya Dunga. Injini ilijaribu, panga boi likajaa mizizi, injini ikazima. Pande zote yakawa majani na maua ya zambarau, na katikati yetu boti haiendi mbele wala nyuma. Kijana akapiga simu ufukweni. Tukangoja.

Adhuhuri ikaingia tukiwa humo. Mavyaa akauliza kama maji haya ni safi kwa udhu, nikamwambia ni safi. Akasogeza gugumaji kwa mkono akafungua tundu dogo kando ya boti, akainama. Miaka ile ya ukame tulikuwa tukitayamamu kwa mchanga, na maji yaliyokuwapo yalikuwa ya kunywa na ya watoto. Aliosha viganja mara tatu. Alisukutua. Aliosha uso, mikono hadi viwikoni, na kila kiungo alikikalisha majini, maji yakimwagika kutoka kwenye viwiko na kurudi ziwani. Alipomaliza alianza upya. Mume wangu alitaka kumwambia kwamba udhu wake ulikuwa umetimia, nikamgusa mkono anyamaze. Akasali ameketi, Abti nyuma yake na kikoi chake kimefungwa fundo.

Wavuvi walitufikia alasiri na mtumbwi mwembamba na miti mirefu. Walikata njia, wakatufunga kamba, wakatuvuta huku wakiimba, na Abti akaimba nao bila kujua maneno.

Samaki alikaangwa palepale ufukweni, akaja mzima kwenye sinia na ugali na sukuma wiki. Sharti la tatu tulilikumbuka sote na hakuna aliyemsemesha mavyaa. Lakini mjukuu wake alikuwa akila kwa pupa na mavyaa alisikia kwamba samaki ana miiba. Akalivuta sinia mbele yake. Akachambua mnofu mmoja mmoja, akiuinua kwenye jua na kuukagua kwa yale macho mapya, akauweka mdomoni mwa mtoto. Vidole vikapata mafuta. Akalamba kidole, akatulia. Akachukua mnofu wa karibu na mkia, akala, kisha mwingine. Tulimngoja aseme.

"Si mbaya," akasema. "Lakini hana mafuta ya kumfikisha mtu Habaswein."

Tumerudi Diff. Habari ya mtungi inasimuliwa kila anapokuja mgeni, na shali ya sufi huletwa kama ushahidi. Ng'onda anazoniletea kaka yangu kutoka Lamu, ambazo tangu niolewe nilikuwa nikizipika nyuma ya choo cha nje, sasa zimeruhusiwa jikoni, kwa sharti kwamba sufuria yake iwe mbali na kilipo chombo chochote cha maziwa. Mume wangu alinunua sufuria hiyo siku iyo hiyo. Sasa mavyaa anataka kuiona bahari, kwa kuwa ameambiwa ziwa lote lile ni kidogo kwake. Aliniuliza treni ya Lamu inaondoka Garissa siku gani. Nikamkumbusha ule uzinduzi wa 2012.

"Mimi sina umri wa kuwangoja hao," akasema. "Kateni tiketi za basi."

Tutaondoka likizo ya Agosti. Abti amekwisha kununua ndoano.